Roboti inapinduka mkono ukinyooka: dalili, chanzo na tiba

Roboti ikianguka kifudifudi mkono unaponyooka, timu nyingi hukimbilia dawa mbili: kuufupisha mkono, au kufunga kipande cha chuma nyuma. Zote mbili zinafanya kazi, ila bei yake ni kubwa. Mkono uliofupishwa haufiki kwenye pointi. Chuma cha nyuma kinakula betri, kinachosha mota za magurudumu, na kinaweza kuwakwamisha kwenye mizani ya ukaguzi siku ya shindano. Kabla ya kushika msumeno, jueni kwanza roboti yenu inaanguka lini hasa. Ni ikiwa imesimama tuli, ikifunga breki, ikikata kona, au mkono ukiwa bado unacheza? Kila wakati una chanzo chake na tiba yake.

Unaweza kuruka hadi dalili yako, lakini soma kwanza sehemu mbili zinazofuata. Bila hizo, tiba zote zitakuwa kubahatisha.

Egemeo ni mawili

Mkono una egemeo lake, yaani ekseli ya kiungo pale mota inapouzungusha. Roboti nzima nayo ina egemeo lake: mstari wa magurudumu ya mbele, pale yanapogusa sakafu. Uzito uleule ulioko kwenye kiganja cha roboti unahesabiwa mara mbili, kila mara kwa umbali wake. Kwenye kiungo tunauliza kama mota itaweza kuinua. Kwenye gurudumu la mbele tunauliza kama nyuma itabaki chini.

Hapa ndipo timu zinapotibu ugonjwa usiokuwepo. Mpira wa tyubu uliofungwa kuuvuta mkono juu unaipunguzia mota kazi, lakini hauizuii roboti kupinduka hata kidogo, kwa sababu mvuto wake unaanzia na kuishia ndani ya roboti yenyewe. Sakafu haiujui. Chuma cha nyuma nacho kinaituliza roboti, ila mota ya mkono haitaona nafuu yoyote. Kwa hiyo mwanafunzi akisema "Mwalimu, mkono umelemewa", muulize: umelemewa wapi, kiungoni au gurudumuni?

Nitatumia roboti moja ya mfano hadi mwisho. Chasisi pamoja na betri ni kilo 6. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 30, na kitovu cha uzito wa chasisi kiko katikati, sentimita 15 nyuma ya ekseli ya mbele na sentimita 10 juu ya sakafu. Kiungo cha mkono kiko juu ya mlingoti, sentimita 10 nyuma ya ekseli ya mbele. Boriti ya mkono ina gramu 400. Kiganja pamoja na mzigo wake ni gramu 900. Mkono ukinyooka, kiganja kinafika sentimita 50 mbele ya ekseli ya mbele, na katikati ya boriti ni sentimita 20 mbele ya ekseli hiyo.

Kwenye gurudumu la mbele, kinachoshikilia ni 6 × 15, yaani 90. Kinachopindua ni 0.9 × 50 kwa kiganja na 0.4 × 20 kwa boriti, jumla 53. Bakaa ni 37, kwa kipimo cha kilo mara sentimita. Roboti imesimama. Kwenye kiungo umbali unaanzia kiungoni, kwa hiyo ni 0.9 × 60 na 0.4 × 30, jumla 66. Sevo (mota ndogo inayokwenda hadi pembe unayoiamuru) ya MG996R, ambayo karibu kila klabu inayo, inatoa takriban 11 kwa volti 6, tena hapo imeshakwama haisogei. Sita zikiungana ndiyo kwanza zinafikia 66 huku zikinuka kuungua. Mkono huu unahitaji mota yenye gia, au kiungo kilichopunguzwa mwendo kwa cheni na sproketi.

Ni kanuni ya momenti ileile ya darasani, ya rula na mawe. Kilichobadilika ni kwamba hapa rula inatembea, na hilo ndilo litakalotusumbua zaidi huko mbele.

Pima kabla ya kukata

Tafuteni mizani miwili ya jikoni, ile bapa. Weka magurudumu ya mbele kwenye mzani mmoja na ya nyuma kwenye mwingine, mkono ukiwa umenyooka na mzigo mkononi. Roboti ya mfano itasoma takriban kilo 1.2 nyuma kati ya kilo 7.3. Zidisha ya nyuma kwa umbali wa ekseli, gawa kwa uzito wote: 1.23 × 30 ÷ 7.3 inatoa sentimita 5. Kitovu cha uzito, ambacho mkono ukikunjwa kiko sentimita 13 nyuma ya ekseli ya mbele, kimesogea hadi sentimita 5 tu.

Kipimo cha pili ni ubao. Chukua plaiwudi ya urefu wa sentimita 60, weka roboti ikiangalia upande utakaokuwa chini, pigilia ufito mwembamba mbele ya magurudumu ili yasiteleze, kisha inua ncha ya nyuma polepole huku mwenzako akiwa tayari kudaka. Roboti ya mfano itanyanyua magurudumu ya nyuma ncha ikifika kama sentimita 16 kutoka mezani, ambayo ni nyuzi 15 na nusu hivi. Kwa mkono uliokunjwa utapita nyuzi 45 kabla haijaanza kupinduka. Andika namba zote mbili kwenye daftari. Kila mabadiliko mtakayofanya yapimwe kwa ubao uleule, maana macho hudanganya na mabishano ya kundi hayana mwisho.

Kigezo changu mwenyewe, ambacho si kanuni ya shindano lolote: roboti isitembee na mkono nje kama mzani wa nyuma hausomi angalau robo ya uzito wote. Roboti yetu ya mfano inasoma asilimia 17. Imesimama vizuri mezani, lakini uwanjani haifai.

Dalili: inapinduka ikiwa imesimama, mkono ukinyooka taratibu

Hili ndilo tatizo rahisi kuliko yote, na ni vizuri likitokea mapema. Bakaa imepita sifuri. Kwa roboti ya mfano ingetokea kama kiganja na kilichomo vingefika kilo 1.7, maana 85 na 8 ni 93, na kinachoshikilia ni 90 tu.

Anzeni kwenye ncha ya mkono. Kila gramu iliyo pale ndiyo ghali kuliko zote. Angalia mota inayofungua na kufunga kiganja: kama ina gramu 250 na mnaweza kuihamishia kwenye mguu wa mlingoti, mmeondoa 12.5 mbele na kuongeza 2.5 nyuma ya egemeo. Faida ni 15, sawa na kufunga nusu kilo ya chuma juu ya ekseli ya nyuma, na uzito wa roboti haujaongezeka. Kiungo nacho kimeshuka kutoka 66 hadi 51 bila kununua kitu. Kiganja kivutwe kwa waya wa breki ya baiskeli pamoja na kava lake. Fundi baiskeli yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anao, na unavuta vizuri mradi usiupinde kwa kona kali.

Halafu angalia kiganja chenyewe. Nimeona viganja vilivyochongwa kwa mbao ngumu ya fenicha, vizuri kuvitazama, vizito kama nyundo. Plaiwudi nyembamba kutoka Mafinga inatosha, na mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki ya profaili wanayoyauza kwa bei ya skrepa. Boriti ya mkono ikiwa ya profaili ya alumini yenye uwazi ndani, haipindi na ni nyepesi.

Baada ya ncha, nenda kwenye magurudumu ya mbele. Hii ndiyo tiba ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Ukiyasogeza mbele sentimita 5, kila kilo ya roboti, pamoja na mkono wenyewe, inapata sentimita 5 za faida. Kwa kilo 7.3 hiyo ni 36.5. Bakaa inatoka 37 hadi 73.5, karibu mara mbili, na mzani wa nyuma sasa utasoma asilimia 29. Kilo moja nzima ya chuma juu ya ekseli ya nyuma ingewapa 30 tu. Chasisi nyingi za kujitengenezea zina ubao unaoning'inia mbele ya magurudumu bila kazi yoyote, kwa hiyo hata ufikio wa mkono kutoka usoni mwa roboti haupungui.

Kama vipimo vya shindano havina nafasi ya kusogeza gurudumu, soma kama kanuni zinaruhusu roboti kutanuka baada ya kuanza. Zikiruhusu, funga miguu miwili yenye vigurudumu vidogo inayoshuka mbele pamoja na mkono. Magari ya winchi yanayokuja kuinua malori yaliyoanguka barabara ya Tunduma hutoa miguu pembeni kabla ya kunyanyua chochote, na sababu ni hii hii. Vigurudumu viwe juu ya sakafu kwa milimita chache tu. Vikigusa muda wote vitaiba uzito wa magurudumu yanayoendesha.

Betri ndiyo ya tatu: isogezwe nyuma na chini kabisa. Chuma cha nyongeza ni cha mwisho, na kiwe chini, karibu na ekseli ya nyuma. Kikipandishwa juu ya mlingoti, kitaleta ugonjwa wa dalili inayofuata.

Dalili: imesimama haina shida, ikifunga breki inalala

Hapa ndipo roboti nyingi zinapofia, na ndipo hesabu ya mezani inapowadanganya watu. Timu imepima, bakaa ipo, mzigo umekaa. Dereva anatoka mbio na mkono nje, anaachia kitufe, roboti inabusu sakafu.

Roboti ikifunga breki, kinachoamua ni uwiano wa vitu viwili: umbali wa kitovu cha uzito nyuma ya gurudumu la mbele, na urefu wake juu ya sakafu. Kwa mfano wetu, mkono ukiwa nje na juu, kiganja kiko sentimita 60 juu ya sakafu na boriti kama 45. Kitovu cha roboti nzima kinapanda hadi sentimita 18. Umbali ni 5. Gawa 5 kwa 18 upate 0.28. Maana yake, breki ikizidi asilimia 28 ya mvutano wa dunia, yaani kama mita 2.75 kwa sekunde kwa kila sekunde, roboti inaanza kupinduka. Roboti inayotembea mita moja kwa sekunde ikisimama ndani ya sekunde 0.3 inafikia 3.3. Mkia umeshanyanyuka.

Kunja mkono, kiganja kirudi sentimita 5 nyuma ya ekseli na kishuke hadi sentimita 25. Sasa kitovu kiko sentimita 13 nyuma na sentimita 12 tu juu. Uwiano umepita 1. Matairi yatateleza kabla roboti haijafikiria kuanguka. Roboti ni ileile, mkono ni uleule, na hakuna gramu iliyoongezwa.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni utaratibu wa kutembea: mkono ukunjwe wakati wa safari, unyooshwe ukifika. Msimwachie dereva kukumbuka, maana dereva wa shindano ana sekunde chache na kelele nyingi. Programu isome pembe ya kiungo kwa kihisi cha pembe, yaani potenshomita au enkoda, na iwekee magurudumu kikomo cha kasi kulingana na pembe hiyo. Mkono ndani, kasi yote. Mkono nje, nusu. Kwa nusu mita kwa sekunde, kusimama kwa sekunde 0.3 kunatoa 1.7 tu, na mko salama.

Tiba ya pili ni kusimama kidogo kidogo. Badala ya programu kukata umeme wa mota ghafla, ipunguze hatua kwa hatua, tuseme ndani ya sekunde 0.7. Angalia pia mpangilio wa breki kwenye kidhibiti cha mota. Vingi vina chaguo mbili, kukaba au kuachia itiririke yenyewe. Mota zilizowekwa kukaba zinasimama kama zimegonga ukuta. Kwa roboti ya mkono mrefu, kukaba kubaki kwa kiungo cha mkono, magurudumu yaachiwe.

Kuna la ajabu kidogo hapa. Roboti inaweza kufanya mazoezi wiki nzima bila kuanguka, kisha ikaanguka asubuhi ya shindano baada ya timu kuchaji betri hadi juu. Mazoezini betri ilikuwa imechoka, roboti ikawa inatembea polepole na kusimama polepole. Betri mbichi imeirudishia kasi yake halisi. Fanyeni angalau zoezi moja la kila siku kwa betri iliyojaa, na mjaribu breki ngumu kuliko zote huku mtu ameweka mikono tayari.

Dalili: mkono ukishuka na kusimama, roboti inanesa mara mbili tatu kisha inaanguka

Mzigo unaoshuka una mwendo, na kuusimamisha kunagharimu. Kiganja cha gramu 900 kikishuka mita moja kwa sekunde na kusimamishwa ndani ya sekunde 0.1, kwa muda huo kinalemea mkono kama uzito wa gramu 1800. Zidisha kwa 50, ongeza boriti, umepita 90. Roboti iliyokuwa na bakaa nzuri ya 37 imenyanyua mkia. Tiba: mkono uanze polepole, ufike kasi, upunguze kabla ya kufika. Sevo ya kawaida ikiamriwa kwenda nyuzi 90 huenda kwa nguvu zake zote, kwa hiyo programu iipeleke nyuzi moja moja kwa vipindi vifupi.

Kama kunesa kunaendelea hata mkono ukisimama taratibu, shika kiganja kwa vidole na ukitikise juu chini, umeme ukiwa umezimwa na kiungo kimezuiwa. Nyuzi mbili tu za ulegevu kwenye gia zinakuwa zaidi ya sentimita 2 kwenye ncha ya mkono wa sentimita 60. Tafuta ulegevu ulipo: skrubu ndogo inayobana shafti, cheni isiyokazwa, tundu la bolti lililopanuka kwenye mbao, au mlingoti uliofungwa kwa bolti mbili pale palipohitaji nne na mhimili wa mshazari. Mara nyingi mkono hauna kosa. Anayenesa ni mlingoti, au ubao wa chasisi wenyewe unaopinda kama mgongo wa samaki.

Na kama viungo vyote vimekaza lakini mkono unatetemeka pale unapotakiwa kutulia, tatizo liko kwenye programu inayosahihisha pembe. Inasahihisha kwa nguvu mno, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Punguza nguvu ya usahihishaji hadi mtetemo ufe, hata kama mkono utafika ukiwa umechelewa kidogo. Hapa ndipo mpira wa tyubu au springi ya kuubeba mkono inapolipa: mota ikiwa na kazi ndogo, programu nayo inahitaji kusahihisha kidogo.

Dalili: inaanguka kwa pembe, si moja kwa moja mbele

Angalia magurudumu. Kama roboti ina mawili yanayoendesha nyuma na kigurudumu kimoja cha bure mbele, kama zilivyo seti nyingi za bei nafuu zenye mota za njano, imesimama juu ya pembetatu yenye ncha upande wa mkono. Chukua upana wa sentimita 24 kati ya magurudumu ya nyuma na urefu uleule wa 30. Kitovu cha uzito kikisogea hadi sentimita 5 kutoka kigurudumu cha mbele, kushoto na kulia kina sentimita 2 tu kabla ya ukingo. Kona ndogo inatosha.

Geuza roboti. Magurudumu mawili yanayoendesha yakae upande wa mkono, kigurudumu cha bure kiende nyuma. Mkono ukinyooka, uzito unayakandamiza magurudumu yenye mota, na ushikaji unaongezeka pale unapohitajika.

Kama magurudumu ni manne na bado inaanguka kwa pembe, pima kama mkono uko katikati kweli. Uwe katikati ya kitovu cha uzito, si katikati ya ubao, kwa sababu betri iliyowekwa upande mmoja huhamisha kitovu.

Dalili: mkono ukiwa nje roboti haisikii usukani, magurudumu ya nyuma yanasota

Huu ni ugonjwa uleule wa kupinduka ukiwa bado mchanga. Magurudumu ya nyuma ya mfano wetu yana kilo 1.2 tu, hayawezi kusukuma wala kugeuza. Mzani wa nyuma ukifika robo, dalili hii huondoka pamoja na hofu ya kuanguka. Msibadilishe matairi kwanza.

Dalili: mkono unashuka wenyewe, au roboti nzima inajizima ukiinua

Hili ni la umeme. Linaingia kwenye mwongozo huu kwa sababu mkono unaoanguka ghafla ni njia nyingine ya kuipindua roboti.

Sevo ya MG996R iliyokwama inaweza kuvuta hadi ampia 2.5. Ukiilisha kutoka pini ya volti 5 ya Arduino, ile bodi inayoendesha programu, volti inashuka, Arduino inajiwasha upya, sevo zinapoteza amri, mkono unadondoka. Sevo ziwe na chanzo chao cha umeme, na hasi zote ziunganishwe pamoja na hasi ya Arduino, bila hivyo ishara haisomeki. Kwa mota zenye gia zinazopitia L298N, kumbuka kidhibiti hicho kinakula karibu volti 2 njiani, kwa hiyo mota ya volti 12 kwenye betri ya 12 haipati 12.

Kama umeme ni mzima na bado mkono unashuka polepole, mota inarudishwa nyuma na uzito. Gia ya skrubu, ile ya mota za waipa za magari, hairudi kirahisi na inapatikana kwenye skrepa, ingawa ni nzito. Iwekwe chini, chini kabisa.

Dalili: nyumbani nzima, shindanoni inaanguka

Betri mbichi tumeshaizungumzia. Vyanzo vingine ni vitatu.

Wa kwanza ni sakafu. Uwanja wa FIRST Tech Challenge, shindano la kimataifa la roboti za wanafunzi, umetandikwa vigae vya sponji, na magurudumu membamba yanazama humo. Upande uliolemewa, yaani wa mbele, unazama zaidi, roboti inainama, na kitovu kinasogea mbele kabla mchezo haujaanza. Kwenye saruji ya darasani hamtaliona hilo. Tafuteni mkeka wa sponji wa kufanyia mazoezi, hata kipande.

Wa pili ni betri iliyobadilishwa aina. Betri ya risasi ya volti 12 ya saizi ya king'ora ina zaidi ya kilo 2. Seli tatu za lithiamu za saizi ya 18650 hazifiki gramu 150. Timu inafurahi roboti imekuwa nyepesi. Ondoa kilo 1.9 katikati ya chasisi ya mfano: kinachoshikilia kinashuka kutoka 90 hadi 61.5, na bakaa inabaki 8.5. Ukipunguza uzito wa chasisi, pima upya kila kitu.

Wa tatu ni safari. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na roboti iliyokaa kwenye buti la basi, ikashuka Kitonga na kurukia matuta yote ya njiani, haifiki ikiwa na skrubu zilezile. Kabla ya kuondoka, chora mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mkifika, mstari uliokatika unaonyesha iliyozunguka. Mkono na mlingoti vifunguliwe visafiri peke yao, na betri ya lithiamu iwe kwenye begi la mkononi, si kwenye buti.

Asubuhi za Juni na Julai huku juu Mbeya grisi ni nzito na betri ni dhaifu kuliko mchana. Namba za mazoezi ya saa moja asubuhi msizilinganishe na za saa nane.

Dalili: sasa inaanguka kinyumenyume

Mmeongeza chuma mno, au mmeweka betri nyuma ya ekseli ya nyuma na juu. Inajitokeza mkono ukiwa umekunjwa na roboti ikiondoka kwa kasi, au ikipanda kilima cha uwanjani. Rudia kipimo cha ubao, safari hii roboti ikiangalia juu. Toeni chuma.

Dalili: mkono unafika vizuri, ila roboti haiingii kwenye sanduku la vipimo

FIRST Tech Challenge inataka roboti ianze ndani ya inchi 18 kila upande, yaani sentimita 45.7. Roboti za kitengo cha RoboMission cha World Robot Olympiad, shindano jingine la kimataifa, huanza ndani ya milimita 250. Msimu wa 2024-2025 wa FIRST Tech Challenge uliweka na kikomo cha kutanuka kwa mlalo, inchi 20 kwa 42, kwa hiyo mkono mrefu kupita kiasi ulikuwa kosa hata baada ya mchezo kuanza. Kanuni hubadilika kila msimu. Mwalimu mlezi achapishe ukurasa wa vipimo na kuubandika juu ya meza ya kazi.

Mkono wa kukunja mara mbili unaingia kirahisi, lakini kiungo cha kati ni uzito mwingine ulioko mbali. Kama kinahitaji mota, iwe chini na ivute kwa cheni au mkanda. Mkono wa kuteleza kwa reli za droo, zile za mafundi wa fenicha, ni imara na hauna kiungo cha kati, ila reli hizo ni za chuma na zina uzito. Zipimeni kwanza dukani kabla ya kulipa. Hatua ya nje kabisa iwe nyepesi kuliko zote, na reli ya kwanza, ile isiyosogea, ifungwe ikiwa imerudi nyuma ya ekseli ya mbele kadiri sanduku linavyoruhusu. Ikichomoka yote, pima tena kwa mizani miwili, na kama nyuma haisomi robo, mwekeeni dereva kikomo cha kasi kwenye programu kabla hamjampa rimoti.